Kitambaa Baina ya Mwenyeji na Mgeni: Darizi ya Japani, Kitambala cha Katanga na Pengo la Kamusi

Mshenga anayepeleka posa miongoni mwa wasemao Kibemba haendi mikono mitupu. Hubeba sahani mbili zilizofunikanishwa, ndani yake mna fedha kidogo, na sahani hizo hufungwa katika kitambaa safi. Mzigo huo huitwa insalamu, na mshenga mwenyewe huitwa shibukombe. Wazazi wa binti wakiupokea mzigo na kuufungua, mazungumzo huwa yameanza. Wakiukataa, fedha zilizomo hazina thamani tena. Desturi hii inajulikana sana katika miji ya Ukanda wa Shaba wa Zambia, kama vile Mufulira. Kutoka Mufulira barabara huingia Kongo kwa njia ya Mokambo, hukata pembe ya ardhi ya Kongo iliyochomoza ndani ya Zambia, kisha hutokea Luapula. Mpaka huo ulichorwa na wakoloni. Vitambaa, sahani na maneno yake vilikuwa na njia zao.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuyatazama maandishi yaliyomo katika nguo, na kuhusu kanga yameandikwa mengi. Kitambaa kisicho na maandishi, ambacho kazi yake ni kufunika, kufunga au kutandikwa, kimepata wachunguzi wachache. Makala haya yanakusudia kukieleza kitambaa cha aina hiyo, hususan kile kinachodariziwa kwa mkono, kwa kukilinganisha na nguo za Japani zinazoambatana na adabu za chai, upelekaji wa zawadi na mapambo ya nyumba. Ulinganisho huu haukuchaguliwa kwa sababu Japani iliifundisha Katanga kudarizi. Wajapani walipata kufika Katanga, ni kweli: Nippon Mining na washirika wake walianza kutoa shaba huko Musoshi, karibu na Kasumbalesa, mwaka 1972, kwa jina la SODIMIZA, wakaondoka mwaka 1983. Walifuata shaba, si sindano. Sababu ya ulinganisho ni kwamba Japani imeyahifadhi majina ya kazi hii hadi jina la nakshi moja moja, ilhali Kiswahili, ambacho hakikosi maneno mazuri ya darizi, kimeyaacha nje ya kamusi zake mengi ya yale yanayohusu kitambaa cha nyumbani.

Nguo za chai na nguo za zawadi

Adabu za chai, ziitwazo chanoyu, zilipata sura yake mashuhuri mikononi mwa Sen no Rikyū (1522–1591). Mwenyeji huwakaribisha wageni wachache katika chumba kidogo, hukoroga unga wa chai ya kijani ndani ya maji ya moto kwa kifagio cha mwanzi, na kabla ya hapo husafisha vyombo mbele ya macho yao. Nguo zinazotumika katika shughuli hiyo ni chache. Kuna chakin, kipande cheupe cha kitani kinachofutia bakuli. Kuna shifuku, kifuko kinachohifadhi kopo la chai, ambacho mara nyingi hushonwa kwa kitambaa cha kale na cha thamani. Na kuna fukusa, hariri ya karibu mraba, yenye upana wa takriban sentimita 28, ambayo mwenyeji huichomeka mkandani, kisha huikunja kwa mpangilio maalumu na kupangusia kopo na kijiko cha mwanzi. Mapokeo ya chai humtaja Sōon, mke wa Rikyū, kuwa ndiye aliyeweka kipimo cha kitambaa hicho.

Hapa yafaa kusahihisha dhana moja. Watu wengi wanaosikia habari za hariri na chai hudhani kwamba fukusa ya mwenyeji ina nakshi za kila namna. Haina. Katika shule ya Urasenke, kwa mfano, huwa ya rangi moja tu, zambarau kwa wanaume na nyekundu au ya machungwa kwa wanawake. Chombo kinachofutwa kimekwisha kuwa safi tangu jikoni. Kukifuta tena mbele ya mgeni ni kumwonyesha kwamba ametayarishiwa. Nakshi ingevuta macho kwenye kitambaa na kuyaondoa kwenye kitendo.

Darizi imo katika kitambaa kingine chenye jina la ukoo mmoja na hicho, yaani kake-fukusa, kifuniko cha zawadi. Katika zama za Edo (1603–1868), hasa karne za 18 na 19, familia za samurai na za wafanyabiashara matajiri zilipopelekeana zawadi, kitu chenyewe kiliwekwa ndani ya kasha au juu ya sinia iliyopakwa utomvu mweusi unaong'aa, na juu yake kikatandazwa kifuniko cha hariri kilichodariziwa, chenye bitana nyekundu aghalabu, na vishada kwenye pembe zake nne. Mpokeaji alikitazama kifuniko, akakisifu, akaitwaa zawadi, kisha akamrudishia mletaji sinia na kifuniko chake. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito. Kilichokuwa cha thamani kubwa kuliko vyote katika tendo hilo aghalabu hakikutolewa, kilionyeshwa. Zawadi ilikuwa ya mpokeaji, lakini heshima iliyoifunika ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Nakshi zilichaguliwa kufuatana na tukio. Korongo na kobe ni alama za maisha marefu. Msonobari, mwanzi na mplamu hustahimili baridi au huchanua wakati wa baridi, kwa hiyo huwatakia watu uthabiti. Jahazi lililosheheni hazina ni la mwaka mpya. Nyingine zilidokeza kisa cha kale bila kukichora chote: kipepeo na ngoma tu, au upepeo ulioachwa juu ya mkokoteni, na mpokeaji aliyesoma alitakiwa kukamilisha mwenyewe. Msomaji aliyezoea fumbo la kanga hatashangazwa na mchezo huo, ingawa kanga husema kwa maneno na kake-fukusa hunyamaza.

Kuhusu ufundi wenyewe, mambo mawili yanatosha kutajwa. Kwanza, mdarizi wa Kijapani aghalabu hutumia uzi wa hariri usiosokotwa, uliolala bapa kama unyoya, na huo ndio unaoipa kazi yake mng'ao unaobadilika kadiri mwanga unavyobadilika. Pili, uzi wa dhahabu haupitishwi ndani ya nguo. Umetengenezwa kwa utepe mwembamba wa karatasi iliyopakwa dhahabu na kuzungushiwa uzi wa ndani, na ukivutwa kwenye tundu la sindano utachunika. Kwa hiyo hulazwa juu ya kitambaa na kubanwa kwa mishono midogo ya uzi mwingine mwembamba. Kanuni hiyo ya kulaza na kubana haijulikani Japani peke yake. Darizi za nyuzi za dhahabu huko Uarabuni na Bara Hindi huitumia pia.

Katika zama za Meiji (1868–1912) kazi hii iligeuzwa kwa kiasi kikubwa kuwa mapambo ya kuuzwa ng'ambo. Karakana za Kyoto, Takashimaya ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, zilitoa viwambo vya kukunjwa na picha za ukutani zilizodariziwa simba, tausi na mawimbi ya bahari kwa ajili ya sebule za Ulaya na Marekani. Ni kazi za ustadi usio na kifani. Hata hivyo ni vigumu kutoona kwamba kitu fulani kilipotea: kitambaa kilichokuwa kikitembea baina ya nyumba mbili sasa kilitundikwa ukutani na kubaki pale.

Maneno yaliyokuja kwa bahari

Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana wa kazi hii. Kitenzi kikuu ni darizi, chenye asili ya Kiarabu na Kiajemi, katika mzizi unaohusu mshono wa nguo. Pembeni yake kuna tarizi na nomino taraza, yaani pindo au ukingo uliofumwa kwenye kilemba au kikoi. Mzizi wake ni ule wa tiraz, jina la mikanda yenye maandishi iliyotiwa katika nguo za heshima za makhalifa, na la karakana zilizoitengeneza. Uzi wa dhahabu au fedha una majina kasabu na zari. Nakshi inayotiwa kwa nyuzi hizo huitwa almaria. Kofia nayo ina istilahi zake: kofia ya viua ni ile iliyotobolewa vitundu vingi na kila kitundu kikazungushiwa uzi. Anayekitazama kichwa cha mzee mmoja wa Lamu au Unguja siku ya Ijumaa hutazama kazi ya wiki nyingi.

Wareno nao waliacha alama. Walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498 na Japani mwaka 1543, na kotekote walileta nguo pamoja na majina yake. Kiswahili kilichukua leso kutoka lenço na foronya kutoka fronha. Kijapani kilichukua botan, yaani kifungo, kutoka botão. Birōdo, yaani mahameli, kutoka veludo. Na kappa, vazi la mvua, kutoka capa. Meli hizohizo, na baadaye za Waholanzi, zilipeleka Japani pamba za Bara Hindi zilizochapwa maua, ziitwazo sarasa, ambazo wapenda chai walizithamini hata wakazishonea vifuko vya makopo yao. Pamba za Bara Hindi zilikuwa bidhaa ya kila siku huku pia. Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba watu wa Sofala walikuwa wakizifumua nguo za rangi kutoka Cambay ili wapate nyuzi za kuchanganya na pamba yao nyeupe. Kufumua nguo ya mwingine ili kufuma yako mwenyewe ni aina ya tafsiri, na huenda ni tafsiri ngumu kuliko ya maneno.

Lakini ukiyachunguza maneno hayo ya pwani utaona yanaelemea upande mmoja. Kofia, joho, kilemba, kanzu: haya ni mavazi ya mwanamume anayeonekana barazani na msikitini. Kitambaa cha nyumbani, ambacho mara nyingi ni mwanamke anayekishona na mwanamke anayekitandika, kina maneno ya jumla tu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 zinamsaidia msomaji kulielewa vazi la sultani kuliko zinavyomsaidia kuilewa foronya iliyoandikwa Lala Salama kwa uzi mwekundu, ingawa foronya hiyo imelaliwa na watu wengi zaidi.

Kitambala

Tukitoka pwani kwenda Katanga, neno la kwanza linalokutana nasi ni kitambala. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi ni kitambaa, hasa cha kichwani. Kibemba kina icitambala, na ng'ambo ya Mokambo chitambala ni neno la kila siku nchini Zambia. Sauti /l/ iliyomo si kosa la bara, kama walivyodhani walimu fulani wa zamani. Kiswahili cha pwani kiliidondosha sauti hiyo baina ya irabu katika maneno mengi: kinasema njaa na mvua pale ambapo Katanga husema njala na mvula, na Kibemba insala na imfula. Kitambaa na kitambala vinalingana kwa kanuni hiyohiyo. Katika neno hili ni Mokambo inayohifadhi umbo la kale, na Unguja iliyobadilika.

Kitambaa kilichodariziwa kwa ajili ya meza, kiti na kitanda kilikuja Katanga kwa njia nyingine. Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, na Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906 ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu. Hadi miaka ya 1920 kampuni iliajiri wanaume kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa muongo huo iliona faida zaidi kumweka mfanyakazi pamoja na mke na watoto ndani ya kambi. Mke alipofika, ikaonekana lazima afundishwe. Mashirika ya masista, kampuni na serikali ya kikoloni vilianzisha madarasa na nyumba za mafunzo zilizoitwa foyers sociaux, ambamo mwanamke alijifunza kupika, kufua, kutunza mtoto, kushona, kufuma sufu na kudarizi. Mafunzo hayo yalienea Kongo na Ruanda-Urundi baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Waalimu wa mafunzo hayo walikuwa na nia iliyo wazi. Mwanamke wa kambini hakutarajiwa kuchimba wala kuandika, alitarajiwa kupamba. Alitia maua katika kitambaa cha kochi, ndani ya nyumba ambayo ni mali ya kampuni na ambayo angeiacha siku mume atakapostaafu au kufukuzwa. Ni rahisi kuihukumu elimu hiyo, na hukumu inastahili. Lakini kitambaa kina sifa moja ambayo nyumba ya kampuni haina, nayo ni kwamba hukunjwa na kubebwa.

Kabla ya wake hao, wanaume walikuwa wamekwisha kuzijua nguo za meza za Wazungu kwa kuzifua na kuzipiga pasi. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga na kuchapishwa pamoja na uchambuzi wa Johannes Fabian mwaka 1990, ni historia ya mji huo iliyotoka upande wa watumishi wa nyumbani. Msomaji wa habari hizo huelewa kwamba sebule ya Lubumbashi haikuigwa kutoka vitabuni. Iliigwa na watu waliokuwa wakiifagia.

Sebule hiyo ikaendelea kuwa mahali pa kumpokelea mgeni na kumwandalia chai, na kitambaa kilichonyooshwa juu ya meza kabla hajaketi kilisema lile ambalo fukusa husema, kwamba ametayarishiwa. Kisha mambo yakaharibika. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza jinsi mamlaka ya baba katika familia za wafanyakazi wa Katanga yalivyotikisika. Katika nyumba nyingi mke ndiye aliyeleta chakula, kwa biashara ndogondogo. Sindano, kwa mwanamke aliyekuwa nayo, ikageuka kutoka pambo la mke wa mfanyakazi kuwa kazi. Ushindani wake ni mkali: plastiki iliyochapwa kwa mfano wa lasi hutandikwa mezani kwa dakika moja, hufutwa kwa maji, na bei yake haifikii gharama ya nyuzi.

Majina ya nakshi

Kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, katika eneo la Tsugaru, wakulima wa zama za Edo walikatazwa kuvaa nguo za pamba. Walivaa katani iliyotiwa nili, nayo haizuii baridi. Wanawake wakaijaza nguo hiyo mishono ya uzi mweupe wa pamba, wakihesabu nyuzi za kitambaa moja moja, hadi ikawa nzito na yenye joto. Kazi hiyo huitwa kogin. Haikukusudiwa kuwa sanaa, na pamba ilipopatikana kwa urahisi ikakaribia kutoweka. Yanagi Sōetsu (1889–1961), aliyefungua Jumba la Sanaa za Watu mjini Tokyo mwaka 1936, alikuwa mmoja wa walioitetea. Jambo linalomhusu mwanaisimu ni kwamba vipande vya msingi vya nakshi hiyo vilirekodiwa pamoja na majina yake ya kienyeji: mameko ni kiharage, hanako ni kiua, neko no managu ni macho ya paka, tekonako ni kipepeo. Managu na tekonako si Kijapani sanifu. Ni lahaja ya Tsugaru. Lahaja imepata hifadhi ndani ya mshono.

Kongo nayo ina mfano wake, tena wa zamani kuliko shule za masista. Miongoni mwa Wakuba wa Kasai wanaume hufuma kitambaa cha nyuzi za mwale, yaani rafia, na wanawake hukilainisha na kukidarizi. Mdarizi hupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa bila fundo, hukata ncha zake, na manyoya mafupi yanayobaki huonekana kama mahameli. Hachori kwanza, umbo limo kichwani, na kipande kimoja chaweza kumchukua miezi mingi. Vitambaa hivyo vilifunika vigoda vya wakubwa na vilizikwa pamoja na wafu. Nakshi zake zina majina. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 mfalme wa Wakuba alionyeshwa pikipiki, asiijali mashine, bali alama za matairi yake mchangani. Akaamuru umbo hilo lichukuliwe na likapewa jina lake.

Hali ya kitambaa cha sebule ya Katanga haifanani na hizo. Kamusi ya Lenselaer ya mwaka 1983, ambayo inazingatia Kiswahili cha mashariki ya Kongo kuliko nyingine zilizotangulia, ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini mishono haikuwa lengo lake. Orodha inayotakiwa haiwezi kutungwa ofisini kwa kunyambua darizi. Itatokana na kuuliza, kitambaa kikiwa mkononi: mshono huu unaitwaje, jina hilo lilitoka kwa sista, kwa mama, au kwa jirani wa ng'ambo ya mpaka, ua hili ni ua gani, pindo hili mnalifunga vipi, kitambaa cha kufunga sahani za mshenga kina tofauti gani na cha kufunika mkate, je, kikishafunguliwa hurudi kilikotoka, kama kifuniko cha Kijapani, au hubaki. Majibu ya Mokambo yalinganishwe na ya Mufulira, kwa kuwa upande mmoja mafundisho ya kushona yalitolewa na Wabelgiji na upande wa pili na Waingereza, na maneno ya mkopo bila shaka yatatofautiana hata pale ambapo kitambala ni kimoja. Wanawake waliokuwa wasichana katika foyers sociaux za miaka ya 1950 wengi wao sasa wamefikia au kupita umri wa miaka 80.